Nyumba Iliyokufa kwa Adabu

Wenzangu mliobaki kazini, mmeniomba niandike mambo ya kazi yetu kabla sijayasahau. Kusahau sisahau, hilo lisiwatie wasiwasi. Habari za vyeo hazina faida kwenu, na mshahara wangu mnaujua kwa sababu ndio huohuo mnaolalamikia ninyi. Nitaandika juu ya kuta na chokaa na boriti, na juu ya watu wanaoishi humo ndani. Kuta nilifundishwa namna ya kuzitengeneza. Watu sikufundishwa.

Mimi ni mtu wa Miteja. Kwetu nyumba ilikuwa ya miti na udongo, na ikichoka mnaiacha ilale chini, mnajenga nyingine pembeni. Siku ya kwanza nilipofika Kilwa Kivinje kuanza kazi katika ofisi yetu ya majengo ya kale, nilipelekwa mbele ya ghorofa ya mawe yenye nyufa za kuingia mkono, nikaambiwa tumekuja kuitengeneza. Nikauliza, kwa nini wasijenge nyingine? Mkuu wa mafundi, Fundi Athumani, mzee mwembamba asiyependa masihara, alinitazama kuanzia viatuni. Viatu vyenyewe vilikuwa vya kuazima, vya kisigino. Akanipa chekeche.

"Chekecha mchanga."

"Shikamoo," nikasema, maana kwa hofu nilikuwa nimesahau hata kumwamkia.

"Marahaba. Chekecha."

Nikachekecha. Nadhani alitaka kuona kama nitarudi Miteja. Sikurudi, kwa sababu nauli sikuwa nayo, na hilo yeye hakulijua, akaniona mtu mvumilivu. Sifa nyingi za duniani hupatikana hivyo.

Fundi Athumani hakuwa mtu wa kueleza. Alifanya, ukatazama, na ukikosea alikuondolea chombo mkononi bila neno. Ndivyo nilivyojua kwamba mchanga wa ufukweni hauchukuliwi hata kama uko hatua chache tu kutoka hapo ulipo, maana una chumvi, na ukuta uliopigwa mchanga wa chumvi hutoka jasho siku zote. Ndivyo nilivyojua chokaa. Mawe yaliyotoka tanurini ukiyatia kwenye shimo la maji huchemka kama uji uliosahauliwa jikoni, na anayesimama karibu kwa ushujaa huondoka na jicho moja. Jipakeni mafuta ya nazi mikononi kabla ya kuigusa. Ikishapoa, ifunikeni kwa magunia ya maji na muiache. Kila mtu atawaharakisha: ofisi, mwenye nyumba, jua lenyewe. Iacheni. Chokaa iliyokaa muda mrefu hushika jiwe, na ya haraka hushika mpaka mgeni rasmi aondoke.

Chombo nilichokipenda kuliko vyote ni mpini wa mwiko. Si mwiko wenyewe, mpini. Unagonga ukuta taratibu, unasogea, unagonga tena, huku umeinamisha sikio. Palipo pazima pana sauti nzito. Lipu iliyoachana na jiwe hulia kama debe tupu. Watu wa Kivinje walizoea kuniona nimeegemeza shavu ukutani, wakasema yule mama anaongea na majini. Nilikuwa nawaambia ndiyo, na wanawasalimu. Hiyo ilinisaidia, maana hakuna aliyeniibia chokaa wala kamba hata siku moja.

Wenye nyumba mtawakuta wa kila namna. Yuko mmoja wa Lindi, pale Mtanda, muuza duka mdogo tu, ambaye kila Idi inapokaribia aliipaka nyumba yake chokaa mpya kwa mkono wake, ndani na nje, akizibua na mifereji ya bati ya paa. Hakuwahi kuniita. Nyumba yake imesimama hadi leo, na kila nikipita naiamkia. Yuko mwingine alitundika kalenda juu ya kila ufa, nikaingia sebuleni nikakuta kalenda tupu, za benki, za msikiti, za mwaka uliopita. Na yuko aliyeona mzizi wa mkuyu umeingia ukutani, akaufunga kamba, akaita majirani wauvute. Mzizi ulitoka kweli, na ukuta ukaufuata. Mzizi haung'olewi. Unakatwa shina, unaachwa ufie humohumo, kisha unajaza tundu kwa chokaa na vijiwe.

Sasa niwaeleze nyumba iliyonifanya nikakubali kuandika haya. Tuliiita nyumba ya roshani, kwa sababu ya ile roshani ya mbao iliyozunguka ghorofani, iliyochongwa maua na mafundi ambao hata majina yao hakuna anayeyajua. Ilikuwa ya familia ya Waislamu wenye asili ya Kihindi, wafanyabiashara wa siku nyingi. Chini duka, juu makazi. Mzee mwenyewe alipofariki aliacha watoto wawili. Mkubwa alikuwa Bwana Anverali, aliyehamia Lindi na kufungua duka lake la vifaa. Mdogo alikuwa Bi Shirini, ambaye hakuolewa, akabaki Kivinje na duka la kanga na vyombo, analala katika chumba alichozaliwa. Mimi na yeye tulikuwa hirimu moja, na tulipendana.

Nyumba ilikuwa nzima, ila bati moja la paa lilikuwa limeinuka upande wa magharibi. Bati moja. Maji yalikuwa yanaingia pale, yanakwenda juu ya boriti za dari la chumba cha Bi Shirini, kisha yanashuka ndani ya ukuta. Siku nilipogonga ukuta ule kwa mpini, ulilia kama debe tangu kiunoni mpaka juu. Nikamwambia, Bi Shirini, hapa pana kazi ya wiki chache tu, bati, boriti kadhaa, na ukuta tuufungue upumue. Ofisi italeta mafundi. Kinachotakiwa ni wenye nyumba kusema ndiyo.

Akafunga mlango wa duka kwanza, ndipo akanijibu.

"Bi Somoe, mimi ndiye niliye ndani. Nikianza kujenga, kaka atasema nimejimilikisha. Yeye ndiye wa kusema."

Huenda mkaona ni visingizio. Haikuwa hivyo. Baba yao alikuwa na ndugu yake, na nyumba ya babu yao ilikuwa ya wote wawili. Yule ndugu aliikarabati kwa mkono wake, paa, sakafu, kila kitu, na siku ya kugawana mirathi akasema, nani alikuwa anaitunza? Wakagombana. Hawakuzikana. Watoto hawa wawili walikua wakiisikia habari hiyo kila Idi, kila matanga, na kila mmoja alijiapia moyoni kwamba yeye hatamfanyia hivyo mwenzake. Mtu anayetia fundi katika nyumba ya mirathi kabla ya mwenzake kusema, kwao huyo ameanza kunyang'anya.

Nikapanda basi kwenda Lindi. Bwana Anverali alinipokea vizuri sana, chai ya maziwa, kashata, kiti kwenye feni. Nikamweleza bati, boriti, ukuta. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Bi Somoe, kwa sheria fungu langu ni kubwa kuliko lake," akasema. "Nikipeleka mafundi, ataona nimekuja kumkumbusha. Atajiona mpangaji katika nyumba ya baba yake. Siwezi. Yeye akitaka, aseme."

"Anataka. Ameniambia wewe ndiye wa kusema."

Akatabasamu kwa huruma, kama mtu anayemwona mwenzake hajui mambo.

"Anasema hivyo kwa adabu."

Nikarudi Kivinje nikampa Bi Shirini maneno ya kaka yake, yote, sikupunguza. Akashika shavu. "Maskini kaka. Unaona anavyonistahi? Anasema hivyo kwa adabu." Basi tukaishia hapo. Kila mmoja alikubali, na kila mmoja hakuamini kwamba mwenzake amekubali. Nilikwenda na kurudi mara nyingi kuliko ninavyotaka kukumbuka, mpaka kondakta akawa ananiuliza mgonjwa anaendeleaje.

Wapo watakaosema ningetuma mafundi tu. Msifanye hivyo, na mimi sikufanya. Nyumba ya watu haiguswi mpaka wenyewe wote waseme, na sheria hiyo ni nzuri. Bila hiyo tungekuwa tunatumiwa katika kila ugomvi wa mirathi kuanzia Kivinje hadi Lindi.

Niliweza jambo moja. Boriti ya katikati juu ya kitanda cha Bi Shirini ilianza kupinda. Nikaleta nguzo mbili nene na kuiegemeza. Bi Shirini alisimama mlangoni hataki. Nikamwambia, nguzo hizi si za nyumba, ni mali ya ofisi, nimeziweka hapa kama ghala. Zimepakwa hata rangi ya ofisi, tazama. Akacheka, akatoa mkono mlangoni, akaenda kuniletea juisi ya ukwaju. Nguzo zisizokuwa za mrithi yeyote alizipokea kwa furaha, akawa anatundikia mtandio wake. Zilimpa miaka kadhaa. Lakini nguzo hushika dari. Ukuta unaokunywa maji hauegemezwi.

Mwishoni niliamua kuwaweka chumba kimoja. Nikamshawishi Bwana Anverali aje Kivinje kwenye maulidi, na Bi Shirini akapika. Pilau, sambusa, kachumbari ya pilipili, hakukosekana kitu. Nikakaa nao mkekani, mgeni wa heshima, nikingoja. Wakaongea juu ya bei ya korosho. Wakaongea juu ya marehemu mama yao alivyokuwa anaficha biskuti. Wakaonyeshana picha za kikundi cha familia kwenye simu, kile ambacho kila Ijumaa hutumiana dua na maua. Juu ya vichwa vyao doa la maji lilikuwa limeenea darini kama ramani, na hakuna aliyeinua macho. Kuinua macho kungekuwa kudai.

Nikasema mimi. Nikaweka sahani chini nikasema, "Ndugu zangu, nisameheni, nyumba hii haitamaliza masika nyingi. Mko hapa wote wawili. Semeni."

Bi Shirini akatazama sahani yake. "Mimi sina neno, kaka akiona inafaa."

"Na mimi sina neno," akasema Bwana Anverali, "dada akitaka."

"Anataka!" nikasema. Nilipaza sauti, na katika nyumba ya watu hilo si zuri.

Wakanitazama wote wawili kwa upole uleule mmoja, ndugu kweli. Kisha Bwana Anverali akasema tutazungumza, inshallah, na Bi Shirini akaniongezea pilau. Nilikula. Ilikuwa tamu, na nilikuwa na hasira mpaka machozi yananilenga. Sikupata kuona watu wawili wanaopendana namna ile, na sikupata kuona mapenzi yakifanya kazi ya mchwa.

Masika iliyofuata ilikuwa nzito. Nilipita kila asubuhi nikigonga, na nikamwomba Bi Shirini ahamie chumba cha chini nyuma ya duka. Alihama, shingo upande. Mvua ikakatika, jua likatoka kali, na watu wakafurahi kwamba nyumba imepona. Mafundi hatufurahi upesi. Ukuta uliojaa maji mara nyingi husimama mvua yote, ukaanguka unapoanza kukauka, kwa sababu kile kilichokuwa tope kilichoshikana kinakuwa vumbi.

Ilianguka mchana, watu wakiwa sokoni. Bi Shirini alikuwa dukani na mteja, mama mmoja wa Milola aliyekuja kununua kanga ya harusi. Yule mama akasema hapa ndani ni giza, rangi siioni, hebu tuitoe nje juani. Wakatoka wameishika kanga pembe kwa pembe. Ukuta wa magharibi ukaenda kwanza, kisha dari, kisha roshani yote ikashuka taratibu, nzima nzima, ikavunjikia barabarani. Nilikuta wamesimama palepale, bado wameishika kanga, weupe kwa vumbi kichwa mpaka miguu. Alhamdulillahi, hakuna aliyeumia. Nilimshika Bi Shirini mkono, akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa kama nimekula.

Nimeandika kwamba nilifanya nililoweza, na ni kweli, na bado najuta. Sikujua hapo awali kwamba mtu anaweza kujuta bila kukosa. Nimetengeneza kuta zilizotelekezwa, kuta za watu waliochukiana, kuta za magofu ambayo hata mwenyewe hajulikani. Ile ilikuwa na wenyewe, waliipenda, na chokaa nilikuwa nayo shimoni, imekaa vizuri, tayari. Nikipita pale najisikia kama mganga aliyefiwa na mtoto wa jirani kwa mafua.

Bwana Anverali alifika kesho yake asubuhi na lori. Alikuwa ameambiwa kwenye simu kwamba nyumba imeanguka, lakini mtu akiwa mbali huiona imeanguka kidogo. Aliposhuka akasimama, akavua kofia, akaishika. Bi Shirini alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki cha jirani, ng'ambo ya barabara. Alinyanyuka akaenda kumpokea, wakasalimiana, akamuuliza habari za safari. Mimi niliangalia lori. Lilikuwa limepakia boriti, ndefu, zilizonyooka, mikoko mizuri ambayo siku hizi huipati kirahisi. Nikapanda tairi nikaigusa moja. Ilikuwa kavu, nyepesi, ina utando wa buibui. Boriti zile hazikununuliwa jana.

Bi Shirini naye aliziona.

"Kaka, hizi umezinunua lini?"

"Siku nyingi. Zilikuwa godauni."

"Za nini?"

"Za dari lako." Alikuwa anaikunja ile kofia na kuikunjua. "Nilikuwa nangoja uniambie nilete."

Bi Shirini akaweka kiganja juu ya ubao wa lori. Hakulia. Alisema polepole, kwa ile adabu yake yote.

"Na mimi nilikuwa nangoja ulete."

Dereva, ambaye alikuwa na safari nyingine, akatoa kichwa dirishani akauliza mzigo ushushwe wapi. Wote wawili wakageuka kunitazama mimi, kwa kuwa mimi ndiye fundi. Na mimi nilizijua boriti zile zingekaa wapi, moja baada ya moja, ipi juu ya kitanda, ipi kwenye mlango wa roshani, na ukuta wa kuzipokea haukuwepo. Nikamwambia dereva azishushe kando ya barabara, tuzikate vipande, tuzungushie kifusi uzio, mbuzi wasije wakaingia wakaumia.